Mtoto mtoro si mhalifu: Tafuta kiini kabla ya kukimbilia polisi

JE, mzazi, ungefanya nini ukiitwa na mwalimu mkuu na kuelezwa kwamba mwanao wa miaka 14, ambaye kila asubuhi huondoka nyumbani akiwa amevalia sare na kubeba mkoba wa vitabu, hajaonekana darasani kwa wiki tatu?

Wazazi wengi wa mjini hupandwa na hasira. Kuna wanaouchomoa mshipi papo hapo. Kuna wanaomfungia mtoto mlango usiku alale nje. Na kuna wale ambao humkokota hadi kituo cha polisi kilicho karibu na kumsihi afisa wa zamu amweke ndani siku mbili tatu "ili ashike adabu."

Kabla hujachukua hatua yoyote kati ya hizo, yafaa ufahamu kwanza ni kosa la aina gani mwanao amelitenda, limesababishwa na nini, na litamfikisha wapi likishughulikiwa vibaya. Mara nyingi utoro wa mtoto ni kama homa. Homa si ugonjwa wenyewe bali ni dalili kwamba mwilini mna tatizo. Anayeipoza homa bila kuutafuta ugonjwa huenda akampoteza mgonjwa.

Makosa yanayotokana na umri

Kuna matendo ambayo ni makosa kwa kila mtu, awe mkubwa au mdogo. Kuiba, kupiga mtu na kuchoma nyumba ni baadhi yake. Lakini kuna mengine ambayo huhesabiwa kuwa makosa kwa sababu moja tu, kwamba aliyeyatenda hajatimiza miaka 18. Haya tunaweza kuyaita makosa ya umri.

Mtu mzima akikosa kwenda kazini leo, huenda akapoteza kibarua lakini hakuna polisi atakayemfuata. Akihama nyumbani kwao bila kuaga, hiyo ni hiari yake. Akirejea saa saba za usiku au kunywa bia mbili baada ya kazi, hilo ni baina yake na familia yake. Mtoto akifanya mambo hayo hayo, huitwa mtoro, mtundu, mkaidi au mtoto aliyeshindikana.

Makosa ya umri yanayojulikana zaidi ni matano: kutoroka shule, kutoroka nyumbani, kukaidi wazazi kupita kiasi, kuzurura usiku, na kutumia vileo kabla ya umri unaoruhusiwa.

Kwa miaka mingi, nchi nyingi ziliwafungia watoto wa aina hii pamoja na wezi na wapiganaji. Marekani, iliyofungua mahakama yake ya kwanza ya watoto huko Chicago mwaka wa 1899, ilipitisha sheria mwaka wa 1974 ya kuyashawishi majimbo yaache kuwafungia watoto kwa makosa ambayo mtu mzima hashtakiwi kwayo. Mnamo 1990, Umoja wa Mataifa uliidhinisha mwongozo unaojulikana kwa jina la mji wa Riyadh, unaosema kwamba jambo lisilokuwa kosa kwa mtu mzima lisifanywe kosa kwa kijana.

Hapa kwetu, sheria ya zamani, Sura ya 141, ilizungumza juu ya mtoto anayehitaji "ulinzi au nidhamu." Maneno hayo mawili yaliwachanganya pamoja mtoto aliyetupwa na wazazi na mtoto aliyewashinda wazazi. Watoto wengi wa mitaani walinaswa kwa njia hiyo, au kwa sheria ya uzururaji ambayo ilifutwa mwaka wa 1997.

Sheria ya Watoto ya 2001 ilibadilisha mtazamo huo. Ilimweka mtoto mtoro, na mwenye kuanza kuandamana na watu wabaya, katika orodha ya watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi, bega kwa bega na yatima na mtoto anayepigwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pake, imepandisha hadi miaka 12 umri ambao mtoto anaweza kubebeshwa lawama ya jinai. Awali umri huo ulikuwa miaka minane. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.

Kwa hivyo, mzazi anayemwomba polisi amfungie mwanawe kwa sababu ya utoro anaomba jambo ambalo Katiba imelizuia.

Ubongo ungali unajengwa

Wazazi hulalamika: "Nimemweleza mara mia, mbona haelewi?" Ukweli wa mambo ni kwamba anaelewa. Shida iko kwingine.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hupima matokeo ya jambo na kuizuia pupa. Sehemu hiyo hukomaa mwisho, mtu akikaribia miaka 25. Lakini zile sehemu zinazotafuta raha, msisimko na sifa za wenzake huamka mapema, wakati wa kubaleghe. Kijana wa miaka 14 ni kama matatu yenye injini mpya lakini breki zake bado ziko gereji.

Ndiyo sababu mtoto huyo huyo, akiwa peke yake na wewe sebuleni, hukueleza vizuri hatari ya kuruka shule. Kesho yake, akiwa na wenzake wanne kwenye kituo cha matatu, anaruka.

Isitoshe, saa ya mwili hubadilika wakati wa kubaleghe. Kijana huchelewa kupata usingizi na huona taabu kuamka. Wataalamu hupendekeza vijana wa umri huu walale kati ya saa nane na kumi kila usiku. Mwanafunzi wa mtaa wa mbali anayeamka saa kumi za alfajiri ili asichelewe shuleni, na ambaye amelala saa sita kwa sababu ya simu au kazi ya ziada, hapati hata saa tano. Ukali wake na usahaulifu wake huenda ni uchovu mtupu.

Haya hayamaanishi kwamba kijana hana makosa. Yanamaanisha kwamba anahitaji mtu mzima amshikie breki mpaka zake zikomae.

Kiini cha utoro

Sababu za makosa haya ni nyingi, na aghalabu mtoto mmoja huwa na zaidi ya moja. Tuzitazame zile ambazo wazazi huzipita bila kuziona.

Kwanza ni maradhi na kasoro zilizojificha. Mtoto asiyeona ubao vizuri hakosi tu hesabu. Huchekwa, huitwa mjinga, na mwishowe huchoka kuchekwa. Vivyo hivyo kwa mwenye sikio linalotoka usaha ambaye hasikii nusu ya somo. Yupo mwenye kifafa anayeona haya kuanguka mbele ya wenzake, na yule wa shule ya bweni anayekojoa kitandani. Hao wote hutafuta mahali ambapo aibu hiyo haitawafikia, na mahali hapo huwa nje ya lango la shule.

Wapo pia watoto wenye akili timamu ambao herufi huwachanganya, na kusoma aya moja kwao ni sawa na kupanda mlima. Wengine maumbile yao hayawaruhusu kutulia; hukurupuka, husahau na hukatiza watu maneno. Watoto wa aina hizi mbili hupewa adhabu nyingi kuliko wenzao, ilhali wanachohitaji ni mwalimu anayejua namna ya kuwafundisha.

Pili ni huzuni ya ndani. Sonona ya kijana haifanani na ya mtu mzima. Mtu mzima hunyamaza na kulia. Kijana mara nyingi huwa mkali, hugombana ovyo, huacha michezo aliyoipenda na kukosa usingizi au kulala mchana kutwa. Wazazi husema "amekuwa na kiburi." Pengine baba amehama, mama amefariki, au kuna jambo limempata ambalo hana maneno ya kulieleza.

Tatu ni hofu. Kuna watoto wanaoogopa shule kwa sababu ya wanafunzi wakubwa wanaowapiga na kuwapora nauli, au mwalimu anayetumia kiboko, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hiyo. Wengine huogopa nyumbani. Mtoto anayetoroka nyumba yenye kipigo, ulevi na matusi kila usiku anafanya lile ambalo mtu mzima mwenye busara angelifanya.

Nne ni ufukara. Mtoto aliyerudishwa nyumbani mara tatu katika muhula mmoja kwa sababu ya karo hujifunza kwamba shule haimtaki. Msichana asiye na sodo hukosa siku kadhaa kila mwezi, na masomo yakishampita hurudi kwa uzito. Mvulana naye huona kwamba akibeba mizigo sokoni au kuitia abiria matatu, atapata pesa leo leo za kuwanunulia wadogo zake unga.

Tano ni nyumba isiyo na mtu. Katika miji yetu, mama hutoka alfajiri na kurudi usiku, baba yuko kazi ya mbali, na shangazi na nyanya waliokuwa wakilea wako mashambani. Mtoto hulelewa na mtaa. Hapa si swala la kumlaumu mama anayetafuta riziki, bali la kutambua kwamba pengo hilo lisipojazwa na mtu wa kuaminika, litajazwa na yeyote aliye karibu.

Msichana anayeitwa mhuni

Yafaa tutulie kidogo kwa wasichana, kwani wao huhukumiwa upesi zaidi. Mvulana akirudi usiku husemwa kwamba anavunja ungo wa ujana. Msichana akifanya hivyo huitwa mhuni.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15 ambaye ametoroka kwao mara mbili na amekutwa katika nyumba ya mwanamume wa miaka 30. Majirani humcheka, na mama humpiga. Ni nadra kusikia mtu akimtaja yule mwanamume. Ilhali kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtoto wa miaka 15 hana uwezo wa kukubali tendo hilo, na mwenye kosa ni mwanamume huyo.

Kuna wasichana wanaotoroka kwa sababu nyumbani kuna mjomba, baba wa kambo au mpangaji anayewasumbua usiku. Wengine wanakimbia ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, au ndoa iliyopangwa bila wao kujua. Ukimrudisha mtoto kama huyo nyumbani kwa nguvu bila kumwuliza alikimbia nini, umemrudisha mikononi mwa adui wake.

Kama kuna dalili kwamba amenajisiwa, mpeleke hospitali kabla ya saa 72 kupita. Ndani ya muda huo kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Dawa za kuzuia mimba zaweza kutolewa hadi siku ya tano, ingawa nazo hufaa zaidi zikitolewa mapema. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zifungwe katika karatasi na kupelekwa pamoja naye.

Na ikiwa amekwisha kupata mimba, ujue kwamba tangu 1994 sera ya serikali imemruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni. Mimba si mwisho wa masomo.

Madhara yake

Kosa la umri likiachwa, halibaki pale lilipo. Mtoto asiyekwenda shule hana mahali pa kushinda kutwa. Mahali anapopata ni vichochoroni, kwenye vibanda vya michezo ya kamari, au kwa wauzaji wa mihadarati ambao humtafuta mtoto kama yeye awabebee mzigo.

Wanaoishia barabarani wengi hukutana na gundi. Mvuke wake hupumbaza njaa na baridi, na ndiyo sababu watoto wa mitaani huipenda. Lakini mvuke huo huathiri neva, huharibu figo na ini, na hudhoofisha kumbukumbu. Waweza pia kuuvuruga moyo na kumwua mtoto ghafla, hata kama si mara nyingi ametumia.

Pombe nayo hudhuru zaidi ubongo ambao bado haujakomaa, na anayeanza kunywa utotoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mtumwa wa chupa ukubwani. Sheria ya vileo ya 2010 inamkataza mtu yeyote kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Ukimkuta mwanao amelewa, swali la kwanza lisiwe "kwa nini umekunywa?" bali "nani alikuuzia?"

Mbali na hayo kuna maambukizi ya magonjwa ya zinaa, mimba za mapema, majeraha, na masomo yaliyopotea ambayo huwa vigumu kuyafidia.

Kwa nini seli si dawa

"Lakini akiona seli ataogopa," wazazi husema. Jambo hilo limejaribiwa. Katika miaka ya 1970, katika jela ya Rahway, jimbo la New Jersey nchini Marekani, vijana walipelekwa kukemewa na kutishwa na wafungwa wa maisha ili waache utundu. Filamu iliyotengenezwa juu yao mwaka wa 1978 ilisifiwa sana, na mpango huo ukaigwa kwingi.

Watafiti walipokuja kulinganisha vijana waliopelekwa jela kutishwa na wenzao ambao hawakupelekwa, waligundua kinyume cha matarajio. Waliotishwa ndio walioendelea kuvunja sheria zaidi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kijana hujifunza kutoka kwa alio nao. Aliyeingia kwa kosa la kukosa darasa hutoka akijua namna ya kufungua kufuli. Pia hutoka na jina. Mtaa mzima ukishamwita "yule wa polisi," hana tena sifa ya kuilinda. Na kama kuna usaha sikioni au siri moyoni mwake, seli haikugusa chochote kati ya hivyo.

Juu ya yote, hujifunza kwamba siku aliyokuwa na shida, mzazi wake alikuwa upande wa pili wa mlango.

Ufanye nini?

Jambo la kwanza ni kungoja hasira ipoe. Usimkabili mtoto usiku ule ule. Hakikisha amekula, amelala, kisha zungumza naye kesho mkiwa wawili. Usianze na "kwa nini," kwani hilo humfanya ajitetee. Anza na "nieleze siku yako huwaje ukitoka hapa asubuhi."

Pili, mpeleke akapimwe macho, masikio na afya kwa jumla. Mweleze daktari kuhusu utoro wenyewe pia. Ukiona amebadilika kwa zaidi ya wiki mbili, amejitenga, hali au anazungumza juu ya kufa, omba kuonana na mshauri au daktari wa akili mara moja. Hiyo si aibu.

Tatu, nenda shuleni mwenyewe. Mwulize mwalimu wa darasa ni siku zipi na vipindi vipi anavyokosa. Mtoto anayekosa Jumatatu pekee na mtoto anayekosa somo moja tu wana matatizo tofauti. Kubalianeni na mwalimu akupigie simu siku ile ile anapokosa, si mwisho wa muhula.

Nne, weka sheria chache nyumbani na uzifuate. Saa ya kurudi ijulikane, na adhabu ijulikane kabla ya kosa. Kumnyima simu kwa siku mbili humfunza zaidi kuliko kumpiga. Pia usisahau kumsifu anapotimiza ahadi, hata ndogo.

Tano, mtafutie mtu. Awe mjomba, jirani mwaminifu, mkufunzi wa kandanda au kiongozi wa vijana msikitini au kanisani. Kijana asiyesikia la mzazi mara nyingi husikia la mtu mwingine anayemheshimu.

Sita, likikushinda, nenda kwa afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako. Ofisi hiyo iko chini ya Idara ya Huduma za Watoto, na kazi yake ni kushauri, kupatanisha na kuchunguza iwapo mtoto yuko salama. Simu ya bure ya watoto, nambari 116, yaweza kupigwa na mtoto au na mzazi.

Mtoto akitoroka nyumbani na hujui aliko, hapo ndipo polisi wanapofaa. Piga ripoti siku hiyo hiyo ili atafutwe. Tofauti iko katika unachoomba: unaomba atafutwe, huombi afungwe. Akipatikana, kabla hujamwuliza lolote, mwambie umefurahi kumwona.

Mwisho, mzazi, ujichunguze. Sheria ya Elimu ya Msingi inamwekea faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, mzazi asiyempeleka mtoto shuleni. Kwa maneno mengine, katika suala la shule, sheria inamwajibisha mzazi kabla ya mtoto.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema kumkunja, hawakusema kumvunja. Yule mvulana wa miaka 14 aliyekaa wiki tatu nje ya darasa huenda anangoja tu mtu wa kumwuliza kama anauona ubao.